Europiamu ndani ya Nafion: kusoma unyevu wa chupa iliyofungwa bila kuifungua

Mbegu zikiwekwa kwenye chupa ya kioo isiyopitisha hewa, kila ukitaka kujua kama bado ni kavu inabidi ufungue kifuniko, na ukifungua umeshaingiza mvuke. Viwango vya FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, vya benki za mbegu vinataka mbegu zikaushwe kwenye hewa yenye unyevu linganishi wa asilimia 10 mpaka 25, kwa jotoridi la nyuzi 5 mpaka 20. Ni ukanda mwembamba, na uko upande mkavu ambako vipimo vingi vya bei rahisi hubahatisha. Anayetunza mbegu, awe Muguga kwenye hifadhi ya taifa ya Kenya au nyumbani na chupa zake kumi, anahitaji kitu kinachokaa ndani ya chupa bila waya wala betri, na kinachosomeka kupitia kioo.

Kipande cha plastiki iitwayo Nafion, chenye ioni (atomi zenye chaji) za metali ya europiamu, kinaiweza kazi hiyo. Ukikimulika kwa mwanga wa zambarau wa nanomita 395, ambao kioo cha kawaida hakiuzuii, kinarudisha mwanga mwekundu. Ukizima taa, wekundu ule haukatiki papo hapo. Unafifia kwa muda unaohesabika kwa mikrosekunde, na muda huo unategemea idadi ya molekuli za maji zilizoikumbatia ioni.

Ndiyo maana nasisitiza tangu mwanzo: usipime ukali wa mwanga, pima muda wa kufifia. Ukali hubadilika kwa vumbi kwenye kioo, kwa chupa kuzungushwa kidogo, kwa taa kupata joto na kupungua nguvu. Muda wa kufifia haujali lolote kati ya hayo.

Jinsi maji yanavyozima mwanga

Europiamu yenye chaji tatu chanya hutoa mwanga pale nishati inapoanguka kutoka ngazi iitwayo 5D0 kwenda ngazi za chini za 7F. Pengo lenyewe ni takriban 12,300 kwa kipimo cha nishati cha cm⁻¹. Kifungo cha O–H cha maji hutetemeka kwa takriban 3,400 cm⁻¹. Mitetemo minne hivi inatosha kumeza pengo lote, kwa hiyo nishati ambayo ingetoka kama mwanga inaishia kuwa joto ndani ya maji. Maji mazito, yenye kifungo cha O–D, hutetemeka kwa 2,500 hivi tu. Hapo inahitajika mitetemo mitano, na kila mtetemo unaoongezeka kwenye hesabu hiyo hupunguza sana uwezekano wa nishati kupotea. Tofauti yake ni kubwa: ioni ya europiamu ndani ya maji ya kawaida hufifia kwa milisekunde 0.11 hivi, na ndani ya maji mazito kwa karibu milisekunde 4.

Wanakemia Horrocks na Sudnick mwaka 1979 waliligeuza jambo hili kuwa kanuni ya kuhesabia maji: q = 1.05 × (1/τ ya maji − 1/τ ya maji mazito), ambapo τ ni muda wa kufifia kwa milisekunde na q ni idadi ya molekuli za maji zilizoishika ioni. Weka 0.11 na 4, utapata 9 na kidogo. Ukipima milisekunde 0.20, utapata 5. Kosa lake ni nusu molekuli juu au chini, na zipo kanuni za baadaye zinazokata pia mchango wa maji ya pembeni yasiyoishika ioni moja kwa moja. Kwa kupima unyevu hatuhitaji q kamili, ila kanuni hii inakusaidia kujua kama namba unazopata zina mantiki. Ukisoma maji 14, tatizo liko kwenye saketi yako.

Kwa nini nisitumie molekuli inayong'aa zaidi

Anayeanza hukimbilia europiamu iliyofungwa na thenoiltrifluoroasetoni, kwa sababu inawaka mpaka inapendeza macho. Ioni moja, ligandi tatu (ligandi ni molekuli inayoishika ioni), maji mawili. Shida ni kwamba inayashika maji yake mawili kwa nguvu mno. Kwenye hewa ya kawaida maji hayo yameshakaa, na unyevu ukipanda kutoka 20 hadi 60 hakuna nafasi mpya ya kujaza. Nyenzo ya namna hiyo inafaa kutambua chembe za maji ndani ya kiyeyushi kikavu. Kwa hewa, unataka kitu kinachoyashika maji kwa ulegevu, kiyaachie hewa ikikauka. Isitoshe, ligandi yake huharibika taratibu kwa mwanga wa urujuanimno, na muda wake wa kufifia hubadilika kwa joto kiasi kwamba watu huitumia kama kipimajoto.

Njia nyingine yenye heshima ni ya metali ya ruteniamu yenye ligandi iitwayo dppz, ambayo mwaka 1990 ilijulikana kama swichi ya mwanga ya DNA: inawaka ikijificha kati ya vidato vya ngazi ya DNA, inazimika ikiguswa na maji. Kundi la Guillermo Orellana, Madrid, liliipeleka kwenye upimaji wa unyevu. Ni kemia nzuri sana, lakini kufifia kwake ni kwa nanosekunde, na saketi ya kupima nanosekunde si ya mezani. Mikrosekunde 100 unaipima kwa chipu ya bei ya chai na mkate.

Kwa hiyo nachagua ioni tupu, isiyo na ligandi ya kikaboni, ndani ya Nafion. Nafion ni plastiki ya florini yenye vikundi vya sulfoneti vinavyoshika ioni chanya na kuvuta maji. Hakuna kinachounguzwa na mwanga hapo.

Kutengeneza utando

Nafion huuzwa kama utando, yaani karatasi nyembamba. Nafion 117 ina unene wa mikromita 183 na uzito wa gramu 360 kwa mita ya mraba. Kipande cha sentimita 2 kwa 2 kina gramu 0.144. Kwa kuwa kila gramu 1,100 hubeba moli moja ya sulfoneti, kipande hicho kina milimoli 0.13, na ioni moja ya europiamu huchukua nafasi tatu. Unahitaji basi milimoli 0.044, ambayo ni miligramu 16 za kloridi ya europiamu yenye maji sita (uzito wa molekuli 366.4). Tumia miligramu 50 ndani ya mililita 20 za maji, yaani mara tatu ya mahitaji, ili ubadilishanaji ufike mwisho.

Kabla ya hapo utando usafishwe. Uchemshe taratibu saa moja kwenye haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 (ukipata ya asilimia 6, changanya na maji nusu kwa nusu), kisha saa moja kwenye maji safi. Utando wa zamani una rangi ya kahawia, na kahawia hiyo hunyonya mwanga wa zambarau unaoutaka wewe. Halafu uloweke kwenye asidi ya salfa ya 0.5 M (M ni moli kwa lita) kwa nyuzi 80, saa moja, usuuze, kisha usiku kucha kwenye chumvi ya 1 M, gramu 58 za NaCl kwa lita. Hatua ya chumvi wengi huiruka. Usiiruke: asidi ikibaki kwenye utando, itakula vyuma vyote vilivyo karibu nao.

Suuza, tia kwenye myeyusho wa europiamu saa 24 ukiutikisa mara kwa mara, kisha suuza mara tatu, dakika kumi kila mara. Maji yote yawe yaliyokenekwa. Yale ya kuongezea betri yanayouzwa vituo vya mafuta yanafaa, alimradi si asidi. Maji ya bomba yana kalsiamu na magnesiamu, nazo zitaing'oa europiamu uliyoilipia. Kwa sababu hiyohiyo shika utando kwa koleo la plastiki. Jasho la kidole ni chumvi.

Kausha kwa nyuzi 60, usizidi 80. Nafion ikipashwa joto kali zaidi, vifuko vyake vya maji hujipanga upya, na utando hauitikii tena kama mwanzo. Na usiuchome moto kamwe, kwa sababu moshi wake una sumu ya florini.

Jaribio la haraka la macho: gizani, mulika kwa LED ya nanomita 395 ukitazama kupitia kichujio cha rangi ya machungwa. Utando uliolowa unaonekana hafifu. Upulize kwa kikausha nywele, wekundu utapanda mbele ya macho yako. Usipopanda, europiamu haikuingia. Vaa miwani ya kukinga urujuanimno, kwani mwanga wa 395 jicho huuona kidogo lakini huupokea wote.

Taa na saketi

Hapa ndipo wengi hununua LED ya nanomita 365 wakidhani urujuanimno mkali zaidi ndio bora. Kwa europiamu iliyofungwa na ligandi ya kikaboni ni kweli. Kwa ioni tupu si kweli: mstari wake wa kunyonya mwanga wenye nguvu zaidi uko nanomita 394, ni mwembamba, na unanyonya kidogo. Hesabu yake: europiamu ndani ya utando iko karibu 0.6 M, mgawo wa kunyonya ni 3 hivi, unene ni sentimita 0.018. Zidisha, inatoka 0.03 kwenye kipimo cha logi, yaani takriban asilimia 7 ya mwanga ulio sawasawa na mstari huo ndiyo inayonyonywa. LED yenyewe ni pana kuliko mstari, kwa hiyo sehemu kubwa ya mwanga wake inapita bure. Taa zilizoandikwa 395 hutofautiana, na ukiweza kuchagua, chukua iliyo karibu zaidi na 394.

Mwanga unaorudi uko nanomita 592 na 615. Diodi ya kupokea mwanga ya BPW34 inatosha, nyuma ya kichujio kinachokata chini ya 570. Vichujio vingi vya plastiki vyenyewe hung'aa vikipigwa zambarau, lakini mng'ao wao hufa ndani ya nanosekunde. Ukisubiri mikrosekunde 30 baada ya kuzima LED, umeachana nao wote, pamoja na mng'ao wa karatasi, gundi na mbegu zenyewe. Subira hiyo ya mikrosekunde 30 ni faida kubwa ya njia hii ambayo kichujio ghali hakiwezi kuinunua.

Kikuza-ishara cha kwanza kiwe na rezista ya megaohm 1 na kapasita ya pikofaradi 5. Zidisha, utapata mikrosekunde 5, kasi inayokubalika. Ishara itakuwa ya milivolti chache, na kishawishi ni kuweka megaohm 10 ili ikue. Ukifanya hivyo saketi yenyewe itafifia kwa mikrosekunde 50, ichanganyike na 110 za europiamu, na utakuwa unapima rezista. Ongeza badala yake hatua ya pili inayokuza mara 20.

Kwa kusoma, bodi ndogo ya kompyuta ya Raspberry Pi Pico inachukua sampuli 500,000 kwa sekunde, moja kila mikrosekunde 2. Arduino Uno kwa mpangilio wake wa kawaida huchukua zaidi ya mikrosekunde 100 kwa sampuli moja, kwa hiyo haifai bila kubadilisha kigawanyo cha saa yake. Washa LED nusu milisekunde, zima, subiri 30, kisha jumlisha sampuli za mikrosekunde 30 hadi 130 (iite A) na 130 hadi 230 (iite B). Kila kipindi hicho ni dirisha. Chukua pia dirisha la giza, ambapo mwanga wa utando umeshafifia, mwishoni, milisekunde 4 baadaye, ulitoe kwenye zote mbili baada ya kusawazisha urefu. Muda wa kufifia ni mikrosekunde 100 gawanya kwa logi asilia ya A/B. Rudia mapigo 1,000, na kelele hupungua mara 30 hivi. Usipige kila milisekunde 10, kwa maana taa za chumbani kwenye umeme wa hertzi 50 hupepesa mara 100 kwa sekunde, na kila pigo litaangukia pale pale.

Ioni zote haziko kwenye mazingira sawa ndani ya plastiki. Nyingine zina maji manane, nyingine matano, kwa hiyo kufifia si mstari mmoja safi. Namba unayopata kwa madirisha mawili ni wastani, na wastani huo unategemea madirisha yako yalipo. Ukiyasogeza baada ya kukilinganisha kifaa na viwango, ulinganisho wako wote umekufa.

Ugezi kwa chupa za chumvi

Ugezi, yaani kukilinganisha kifaa na viwango vinavyojulikana, hauhitaji mashine. Chumvi iliyoloa maji lakini isiyoyeyuka yote hushikilia unyevu wa hewa iliyo juu yake mahali pamoja. Kwa nyuzi 25: kloridi ya lithiamu asilimia 11.3, asetati ya potasiamu 22.5, kloridi ya magnesiamu 32.8, kaboneti ya potasiamu 43.2, naitreti ya magnesiamu 52.9, chumvi ya kawaida 75.3, kloridi ya potasiamu 84.3. Kwa chupa za mbegu, tatu za kwanza ndizo zenye thamani, na ukibanwa na fedha anza na hizo pamoja na chumvi ya kawaida.

Kosa linalorudiwa kuliko yote ni maji mengi. Inatakiwa uji mzito wa chumvi, wenye punje zinazoonekana na utandu mwembamba wa maji juu. Gramu 30 za NaCl kwa mililita 10 ni sawa. Kloridi ya magnesiamu yenye maji sita inataka mililita 3 tu kwa gramu 30. Kloridi ya lithiamu hupata joto kali ikiguswa na maji, kwa hiyo tia tone kwa tone, na iweke mbali na watoto. Kaboneti ya potasiamu hunyonya hewa ya ukaa na kugeuka taratibu. Ibadilishe kila baada ya miezi michache.

Ning'iniza utando juu ya chumvi bila kuigusa, funga, subiri saa 24. Kisha panda kutoka 11 kwenda 84, na ushuke tena. Namba za kushuka zitatofautiana na za kupanda, kwa sababu Nafion huyaachia maji kwa shingo upande. Tumia wastani, andika pia tofauti, maana hiyo tofauti ndiyo usahihi wako halisi.

Jambo la pili ni joto. Chumvi yenyewe haijali sana: NaCl ni 75.5 kwa nyuzi 20 na 75.1 kwa nyuzi 30. Lakini utando ukiwa na joto la nyuzi moja tu zaidi ya chumvi, unyevu unaouona unashuka kutoka 75.3 hadi 71. LED iliyo karibu, kiganja kilichoshika chupa, jua la dirishani, kila kimoja kinatosha kukutia hasara ya pointi nne. Ziweke chupa zote kwenye ndoo ya maji au boksi la povu usiku kucha, na usome upesi.

Grafu yako itashuka kwa kasi upande mkavu, kisha italala. Ioni ikishapata maji yake tisa, yanayoongezeka hayana pa kushika, na muda wa kufifia hauendi chini zaidi ya milisekunde 0.11 hivi. Kwa hiyo utando huu si wa kupima hewa ya Mombasa au Tanga, ambako utabaki umelala chini mchana na usiku. Ni wa mahali pakavu ambapo unataka pabaki pakavu.

Ukishuku kwamba kinachobadilika si maji, weka utando juu ya matone ya maji mazito kwenye chupa ndogo, siku nzima. Muda wa kufifia ukiruka juu mara kadhaa, mzimaji alikuwa O–H kweli. Usiporuka, tafuta kwingine: mwanga unaovuja, dirisha la giza lililokosewa, au ioni ya chuma iliyoingia toka kwenye koleo lisilo la plastiki. Mvuke wa spiriti nao una O–H, na amonia ina N–H, kwa hiyo vyote hudanganya. Chupa iliyosafishwa kwa spiriti ipepewe mpaka harufu iishe kabla ya kuweka utando.

Kuuweka ndani ya chupa

Utando ulale bapa dhidi ya kioo, ushikiliwe na kipande cha wavu wa nailoni, hewa ifike upande wa nyuma. Usitumie gundi, kwa sababu gundi hufunga njia ya mvuke. Kwa unene wa 183, subiri saa kadhaa kabla ya kuamini namba baada ya kufunga kifuniko. Nafion 212 ya mikromita 51 ni nyembamba mara 3.6, na kwa kuwa muda wa kupenya hufuata mraba wa unene, huitikia mara 13 hivi upesi, ila mwanga wake nao hupungua mara 3.6. Kwa mbegu zinazokaa miaka, nachukua nene.

Wanaofanya kazi pwani wafunge chupa ndani ya chumba mbali na upepo wa bahari. Vumbi la chumvi likitua juu ya utando, sodiamu yake hung'oa europiamu pole pole, na unyevu ukivuka 75 ile chumvi yenyewe hunyonya maji na kuulowesha utando. Utando ulioguswa na chumvi unarudishwa kwenye myeyusho wa europiamu saa 24, unasuuzwa, na ugezi unaanza upya kutoka chupa ya lithiamu.